Wimbi Niliyowapa Kuku wa Memsaab

Najua mnanicheka. Nyinyi wajukuu zangu mnaokaa Kimbo mkija kunisalimia mnakunja miguu chini ya kiti, kwa sababu mnajua babu ataishika. Juzi nimemsikia mmoja wenu mlangoni akimwambia mwenzake, "Jipange, guka anakuja kufinya mguu." Guka! Mimi Mnyore wa kuzaliwa, leo naitwa guka, babu wa Kikikuyu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Haya, niiteni mnavyotaka, lakini mguu nitaufinya. Leo nawaambia sababu, kwa maana nimeona mnavyokula siku hizi na usingizi wangu si mzuri.

Nilikuwa mpishi. Miaka hiyo ya hamsini nilipika katika nyumba ya meneja wa shamba moja la kahawa, njia ya kutoka Ruiru kwenda Thika. Mpishi ni mtu wa wasiwasi, msiwasikilize wanaosema ni mtu wa kula. Stovu yetu ilikuwa ya kuni na haikuwa na saa wala mshale wa kuonyesha joto. Nililipima kwa mkono. Natia mkono ndani ya oveni, naanza kusali Baba Yetu. Nikifika "mkate wetu" kabla ya kuutoa, hilo ni joto la keki. Nikishindwa hata kumaliza "jina lako", hilo ni joto la nyama ya kuoka. Siku moja nilisali hadi "amina" na mkono bado umo, ndipo nikagundua moto ulizimika kitambo na wageni wako mezani. Nilitokwa na jasho mpaka kanzu ikashika mgongo.

Basi mimi na kanzu yangu nyeupe nilijiona mtu. Nilisifiwa kwa mkate mweupe, sukari nyeupe, unga uliopepetwa mpaka ukawa kama poda ya mtoto. Nikaingiwa na ujinga fulani, nauita ujinga kwa sababu ulikuwa wangu: nikaamini kwamba cheupe ndicho chakula, na cheusi ni cha mtu ambaye hajapata kazi. Wale wa laini, nyumba za wafanyakazi, walipewa posho ya unga wa mahindi, maharagwe na chumvi. Wengi wetu tulikuwa tumetoka magharibi, maana wakati huo wa Imajensi, ile hali ya hatari waliyotangaza wazungu, Wakikuyu walifungiwa vijijini na mashamba yalitaka mikono. Jioni nilipita katikati ya nyumba hizo nimebeba kifurushi cha mkate wa bwana uliobaki. Nilitembea polepole ili waone.

Mke wangu Rispa, nyanya yenu, hakupenda mkate huo. Mama yake alitutumia kutoka nyumbani gunia dogo la wimbi, lililokuja na ndugu yetu kwa garimoshi. Pamoja nalo kulikuwa na mbegu za mrenda na kunde, zimefungwa kwenye kitambaa. Rispa alifurahi akaanza kutafuta jiwe la kusagia.

Nikamwambia, "Mke wa mpishi hawezi kupiga magoti asage wimbi watu wakimwangalia. Watasema sikulishi."

"Na mtoto atakunywa uji gani?"

"Chai ya maziwa na mkate. Kama mtoto wa bwana."

"Mtoto wa bwana anakula na mayai na nyama pia, Baba Zipora. Wewe unaleta mkate peke yake."

Nilisikia? Sikusikia. Lile gunia nikalibeba mpaka kwa kuku wa memsaab, mke wa bwana. Kila asubuhi nikawamwagia vikombe viwili. Wapi! Kuku wale walitaga mpaka pale chini ya choo cha nje. Manyoya yao yakang'aa. Memsaab akaja jikoni akapiga makofi, "Shadrak! Kuku nataga sana! Wewe napa dawa gani?" Nikacheka, nikainamisha kichwa kwa adabu. Mbegu za mrenda nikazitupa na takataka.

Sasa sikieni kuhusu Zipora. Shangazi yenu yule mnayemwona akija kutoka Kamenu na mwavuli wake, wakati ule alikuwa na miaka miwili na kidogo. Rispa alikuwa amemwachisha ziwa ghafla, maana alipata mimba ya Yona, na kwetu tuliogopa mtoto kunyonya maziwa ya mama mwenye mimba. Yona akazaliwa, akachukua mgongo na ziwa. Zipora akabaki na mkate na chai yangu ya sukari nyingi. Akaanza kunona.

Ndivyo nilivyoona mimi. Mashavu yakajaa. Miguu ikajaa mpaka vifundo vikapotea. Nikambeba Jumapili kanisani, watu wakasema, "Huyu kweli ni mtoto wa mpishi!" Nami nikacheka kama mtu aliyeoka keki bila kuiunguza. Halafu alikuwa ametulia sana. Ukimweka kwenye mkeka asubuhi, unarudi mchana unamkuta palepale. Hakulia, hakutaka kuchezea mwiko, hakumfukuza kuku. Nilidhani ni adabu. Mungu anisamehe, nilijisifu mbele ya watu kwamba binti yangu ana adabu.

Rispa aliniambia nywele za mtoto zinageuka rangi, zinakuwa nyepesi na za kahawia. Nikamwambia ni jua la Ruiru.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja Mkikuyu tuliyemwita Mama Njoki. Alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za memsaab. Alikaa katika kile kijiji kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa, na langoni askari wenye bunduki. Asubuhi alitoka na pasi yake ya ruhusa, mchana alirudi kabla lango halijafungwa. Alikuwa mama wa maneno machache na mikono mikubwa. Siku hiyo alipita kwangu kuchukua makaa ya pasi, akamkuta Zipora mkekani.

"Huyu mutoto ni mgonjwa siku ngapi?"

"Mgonjwa? Mama Njoki, huoni alivyonona?"

Aliinama, akashika mguu wa mtoto, akabonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba, akangoja, akatoa kidole. Shimo likabaki. Nawaambia likabaki pale, umbo la kidole kizima, kama umebonyeza unga uliokandwa. Mimi nimekanda unga maisha yangu yote na ninaujua ule ambao haurudi juu.

"Ngai," alisema polepole, akimwita Mungu kwa lugha yao. "Hii sio mafuta, baba. Hii ni maji. Mwili umekosa chakula."

"Anakula kila siku! Anakula mkate wa bwana!"

"Ndiyo nasema. Amekosa chakula."

Nikakasirika, sitawaficha. Nikamwambia akachukue makaa aende zake. Lakini jioni nilimfinya Zipora mguu mwenyewe, nikatoa kidole, nikatazama. Nikajaribu ule mwingine. Halafu nikajifinya wangu, na wa Rispa, na hata wa Yona. Yetu yote ilirudi. Wa Zipora ulikaa. Rispa alikuwa akinitazama.

Kesho yake nikambeba kwa dresa wa shamba, yule wa kutupiga sindano na kutupa kwinini. Akamtazama macho, akamfinya vilevile, akanitikisia kichwa. "Sindano yangu haiwezi hii. Nimeandika barua aende hospitali, lakini pasi ya kusafiri na gari vitachukua siku. Usikae ukingoja. Mpe maziwa, maharagwe yaliyopondwa, mboga za majani, uji wa wimbi. Nyinyi watu wa magharibi si mna wimbi?"

Si tuna wimbi! Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye banda la kuku nikakung'uta gunia. Zilitoka punje za kujaza kiganja, na vumbi. Kuku walikuja mbio wakizunguka miguu yangu wakidhani nimewaletea. Nililia hapo bandani, mtu mzima na kanzu.

Halafu kulikuwa na habari ya maziwa. Kila asubuhi nilitoa krimu ya memsaab, na yale maziwa yaliyobaki chini niliwapelekea mbwa kwenye sinia. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Sikuwahi kuwaza kuyaomba, kwa vile niliogopa kuonekana mpishi mwenye shida, nifukuzwe aletwe mwingine. Siku hiyo nikaomba. Memsaab akaniangalia akasema, "Kwa nini wewe hapana sema? Chukua! Mbwa nanenepa." Hivyo tu. Kazi yote ile ya kuogopa!

Lakini Zipora aliyatapika. Mtoto aliyefika pale hataki chakula, nawaomba mshike hili: hakililii chakula, anakigeuzia uso. Ndipo nikameza kiburi changu, nikamwendea Mama Njoki alipokuwa akianika mashuka. Nikamwambia, "Mama, nilikukosea. Nionyeshe."

Akanionyesha, na hii ndiyo shule ya upishi ninayoiheshimu kuliko zote. Unga wa wimbi unaukoroga na maji ya uvuguvugu, unauacha kwenye kibuyu siku mbili, tatu, mpaka uchachuke na unuke vizuri. Ndipo unaupika, ukishapoa kidogo unatia yale maziwa. Uchachu unamfungulia mtoto tumbo. Njahi, yale maharagwe meusi wanayopewa akina mama waliojifungua, unayaloweka, unayachemsha kwa moto mdogo mpaka yapondeke kwa kijiko, unatoa maganda. Terere na managu, yaani mchicha na mnavu, unazikatakata, unachemsha kwa maji kidogo, na maji hayo humwagi! Mimi nilikuwa nikimwaga, nilifundishwa kwenye meza za wazungu kwamba mboga ni ile iliyobaki na maji ni ya sinki. Mama Njoki alinipiga kofi la mkono. "Unamwaga chakula, unabakisha nyasi."

"Na umpe kijiko kimoja," aliniambia. "Ungoje. Halafu kingine. Usimsukume."

Swali likawa, vitu hivyo vitoke wapi? Dukani kulikuwa na unga mweupe tele. Wimbi na njahi vilikuwa kwenye kibuyu cha Mama Njoki, ndani ya lile handaki. Na miaka hiyo kutoa chakula kijijini lilikuwa kosa kubwa kuliko wizi. Kila askari alidhani unapelekea watu wa msituni waliopigana na wazungu. Mama Njoki aliyajua hayo kuliko mimi. Akawa anakunja njahi na unga wa wimbi ndani ya nguo za memsaab alizopeleka kushona vifungo, anapita nazo langoni kila asubuhi, ananiwekea chini ya meza ya pasi. Managu alichuma njiani kati ya mikahawa. Nilimwuliza siku moja kama haogopi. Akasema, "Naogopa. Umetia chumvi kwa ile uji? Usitie."

Siku saba, nane, Zipora akawa anapokea vijiko vitano, kisha kumi. Hakuwa amepona. Lakini aligeuka kunitazama nilipoingia, na hilo lilikuwa jambo kubwa.

Halafu Mama Njoki hakuja.

Siku ya kwanza nikasema labda ana homa. Nikapima unga uliobaki, nikapunguza. Siku ya pili nilitoka kila mara kuangalia barabara, nikaunguza mchuzi. Siku ya tatu mama mmoja mchumaji wa kahawa alipita uani bila kusimama akaniambia, "Rafiki yako ameshikwa langoni na njahi. Wanangoja gari la kumpeleka Thika. Hataki kusema ni ya nani."

Hataki kusema ni ya nani. Niliketi kwenye gunia la kuni. Nikienda kusema ni yangu, mimi nitakuwa mtu aliyeagiza chakula kitolewe kijijini. Naweza kufungwa. Naweza kurudishwa kwetu bila kazi, na mtoto yuko katika hali ile. Nisipoenda, yule mama atapandishwa gari. Nikamwambia Rispa yote hayo, huku nikitumaini ataniambia nikae.

Rispa alimfunga Zipora kwenye shuka, akanipa mikononi. "Unaenda wewe, ama naenda mimi na hawa wawili. Chagua, nyama ya bwana iko kwa stovu."

Nikaenda, saa tano za mchana, na kanzu yangu ya jikoni, nyama ikiwa katika oveni kwenye joto la "jina lako". Zipora alikuwa mzito kwa yale maji. Njia nzima nilikuwa nikijisemea maneno ya kumwambia askari, nikifika mwisho nayasahau, naanza upya.

Langoni nilimwona Mama Njoki ameketi chini kwenye vumbi, kitambaa cha kichwa kimetoka. Aliponiona alitikisa kichwa, kuniambia rudi. Askari alikuwa mtu mnene wa makamo.

"Wewe nani?"

"Mpishi wa meneja. Hizo njahi ni zangu. Ni za mtoto wangu huyu, ni mgonjwa."

Alimtazama Zipora akacheka. "Mgonjwa? Huyu aliyefura mashavu namna hii? Huyu anakula kuliko mimi! Unataka kunidanganya mchana?"

Yale maneno yote niliyojipangia yakapotea. Nikafunua shuka, nikamsogezea mguu. "Mfinye," nikasema. "Nakuomba, ndugu. Weka kidole, ubonyeze, utoe."

Sijui kwa nini alikubali. Aliegemeza bunduki ukutani, akabonyeza. Akatoa kidole. Akaliangalia lile shimo alilolifanya mwenyewe, na Zipora hakulia wala hakuvuta mguu, alimtazama tu. Askari akajaribu kulisugua, kana kwamba ameharibu kitu. Halikuondoka.

"Hii ilikuwa kwa kijana wangu," alisema mwishowe, kwa sauti nyingine. "Sisi tulisema amerogwa." Sikumwuliza kijana yuko wapi. Akaokota kile kifuko cha njahi, akakitupa mapajani mwa Mama Njoki. "Toka hapa. Na wewe mpishi, hukuja hapa leo."

Nyama nilikuta imekuwa mkaa. Memsaab alinikaripia kwa Kiswahili na Kiingereza mpaka akachoka, nami nikasimama pale nikisema ndiyo, memsaab, na moyoni nikiimba.

Barua ya dresa ilijibiwa baadaye, tukaenda hospitali pia, na wakatuambia tuendelee vilevile. Nyinyi msingoje hivyo. Leo kliniki iko hapo karibu, mkimbize mtoto siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa sina gari wala ruhusa.

Maji yalipoanza kutoka mwilini nikaogopa upya, maana mtoto mnene alitoweka nikabaki na mifupa na ngozi. Huyo ndiye aliyekuwa ndani siku zote nilipokuwa nikijisifu kanisani. Kisha mchana mmoja nilimlisha uji, ukaisha, nikageuka kuosha kijiko. Akapiga kelele! Alilia kwa hasira, akiutaka ule uji, akanyakua kijiko mkononi mwangu. Rispa alikuja mbio kutoka nje akidhani ameungua. Akatukuta tunalia wote wawili, yeye kwa njaa na mimi kwa furaha.

Nyuma ya nyumba yetu Rispa alilima managu, terere, kunde, na mrenda kwa mbegu alizoomba upya kwa mama yake. Aliposaga wimbi nilimwita jirani aje aone. Mama Njoki alipewa kishamba chake vita vilipoisha, akahama, na miaka baadaye sisi tukampa binti wa kwanza wa Zipora jina la Njoki kwa ajili yake. Watu wa kwetu walishangaa, mtoto wa Kinyore anaitwaje Njoki? Sasa mmejua.

Sasa nawaona na soda yenu, na chipsi, na mkate mweupe wa asubuhi na jioni. Mnampa mtoto biskuti anyamaze, na akinyamaza mnasema ana adabu. Mkiona managu mnasema ni chakula cha ushago, cha watu wa kijijini. Siwezi kuwazuia, mna pesa zenu. Lakini mimi nilikuwa mpishi wa watu wakubwa, na nilishiba jikoni huku mwanangu akifa njaa na tumbo limejaa.

Zipora huja kunitembelea kila mwezi kutoka Kamenu. Ni bibi mzee sasa, ana miwani, anafoka kuliko mama yake. Akifika haanzi na habari. Anaweka mwavuli, anaketi kiti kile cha mlangoni, anavua kiatu, ananyoosha mguu bila kuambiwa na anatazama upande mwingine. Ninainama polepole kwa sababu ya mgongo. Nabonyeza, natoa kidole, nangoja. Nyama ikirudi juu, ndipo namwambia, "Karibu mwanangu, ingia ule."